Baridi Hii Ina Jua Ndani Yake

Mkono wa kulia wa baba yangu ni mweusi kuliko wa kushoto. Wala huhitaji kuchungulia: akivaa shati la mikono mifupi kwenda kanisani, hata mtoto anaona. Kwa miaka 26 baba aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, kioo kimeshushwa, kiwiko kimetoka nje, na kwa kuwa usukani wa magari yetu uko kulia, jua lilimla upande huo. Shavu la kulia nalo lina mikunjo ambayo la kushoto halina. Tulipokuwa wadogo tulimtania kwamba upande mmoja ni Mnyakyusa na upande wa pili ni Mndali, naye akacheka pamoja na sisi. Hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo. Mkono wa dereva ndivyo ulivyo.

Nilikuja kujiuliza siku uso wangu mwenyewe ulipoanza kubadilika rangi.

Mimi ni afisa ugani, na zao linalonila muda mwingi ni viazi mviringo. Natoka Uyole asubuhi na pikipiki, napanda Isyonje, Kikondo, siku nyingine nafika hadi mpakani mwa Kitulo. Anayeijua Mbeya ya Juni na Julai anajua nasema nini. Huko juu unakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi, mkulima kajifunika blanketi, chai inapoa kabla hujaimaliza. Nilikuwa navaa koti zito, skafu, glovu na soksi mbili mbili. Kitu pekee kilichobaki wazi ni uso, kwa sababu kioo cha helmeti kinashika ukungu nami nilikuwa nakiinua ili nione barabara. Ikifika saa nne jua linachomoza vizuri, basi wote, wakulima na mimi, tunasimama pembeni ya shamba tunaota jua. Tunalielekezea uso kabisa, macho tumefumba. Raha yake hiyo, mtu wa Pwani hawezi kuielewa.

Madoa yalianza nikiwa na mimba ya Lusajo. Shavu hili na shavu lile, kipaji cha uso, na juu ya mdomo ambako nilionekana kama nimeota sharubu. La shavu la kushoto lilikuwa refu na jembamba, limejikunja kidogo katikati, na mume wangu akalipa jina la Ziwa Nyasa. Mama akasema, "Ni mimba tu hiyo mwanangu, ukijifungua litaondoka." Mara nyingi inakuwa hivyo kweli. Kwangu mtoto alizaliwa, akaota meno, akaanza kukimbiza kuku, na Ziwa Nyasa liko palepale. Siku moja dereva wa bajaji pale Kabwe alinitazama kwenye kioo chake kwa muda, halafu akaniambia kwa upole, "Pole dada. Uliungua?" Nikamwambia ndiyo. Kueleza ingekuwa safari ndefu kuliko nauli.

Nilianza na limau, kama kila mtu. Mwenzangu mmoja ofisini alisema kamua limau, changanya na asali, paka, subiri. Alichosahau kuniambia, au hakukijua, ni kwamba ndimu na limau zina kemikali ambayo ikibaki kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua, inaunguza. Si mfano wa maneno, inaunguza hasa, na malengelenge yanatoka. Mimi nilipaka asubuhi, nikajifuta na kitambaa, nikapanda pikipiki. Jioni shingo ilikuwa na michirizi mekundu pale maji ya limau yalipotiririkia, na baada ya wiki mbili michirizi hiyo ikawa meusi. Nilikwenda kutafuta dawa ya madoa nikarudi na madoa mapya.

Halafu ikaja zamu ya Mwanjelwa, soko letu la hapa Mbeya.

Duka la vipodozi lenyewe sitalitaja, na kwa kweli yapo mengi yanayofanana nalo. Dada wa pale ni mcheshi, ngozi yake inateleza, na ana namna ya kukushika kidevu na kukugeuza kwenye mwanga kama anayechagua parachichi. "Mama Lusajo, hii mbona ndogo. Wiki mbili." Akachukua kopo jeupe, akamimina losheni ya kawaida hadi nusu, akakamulia tyubu mbili ndogo za aina zinazouzwa duka la dawa, akatia matone ya kichupa cha kahawia kisicho na lebo, akakoroga na kijiti cha aiskrimu. Shilingi 12,000. Nikauliza ndani kuna nini. Akacheka. "Kuna urembo."

Sikuwa mjinga. Nilijua neno mkorogo na nimewaona kina mama wenye uso wa Fanta na vidole vya Koka. Nilichojiambia ni kwamba mimi sijichubui, mimi natibu doa. Hilo ndilo tundu ambalo wengi wetu tunapitia. Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naanza kujichubua. Anaanza na doa.

Na ule mkorogo ulifanya kazi, lazima niseme. Siku ya kumi uso ulikuwa laini kama wa mtoto, doa limefifia, watu wananisifia. Mwezi wa tatu ngozi ikawa nyembamba kiasi kwamba vishipa vya damu vilionekana mashavuni. Vikaja vipele ambavyo sikuwahi kuwa navyo hata nikiwa msichana. Vikaja vinyweleo. Nikikaa karibu na jiko uso unawaka. Nikaamua kuacha, na hapo ndipo nilipojua nimeingia wapi: siku nne baada ya kuacha uso ulivimba, ukawa mwekundu, ukawasha usiku kucha. Nikaupaka tena, ukatulia. Ulikuwa umenishika.

Zile tyubu zilikuwa steroidi. Ni dawa halali kabisa kwa ukurutu na magonjwa mengine, kwa siku chache na kwa maelekezo, lakini usoni kwa miezi zinakondesha ngozi na kuifanya iwe teja. Kichupa cha kahawia mpaka leo sijui kilikuwa nini, ila vitu viwili vinavyotajwa zaidi kwenye biashara hii ni haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, na zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi hadi kwenye figo, na mama mjamzito anamfikishia mtoto. Haidrokwinoni ina hila yake. Daktari anaweza kuiandika kwa miezi michache akiwa anakufuatilia. Ukiitumia ovyo, mwaka baada ya mwaka huku unatembea juani, inaweza kukuachia weusi wa bluu kama masizi, wenye vijipunje, ambao kuutoa ni kazi kubwa kuliko doa ulilokuwa nalo. Madaktari wa Afrika Kusini walilieleza jambo hilo tangu mwaka 1975. Hapa kwetu vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi ni marufuku. Zamani TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ndiyo iliyokuwa ikivisimamia, na tangu 2019 kazi hiyo iko TBS, shirika la viwango. Lakini kopo lililokorogwa mbele yako kwa kijiti cha aiskrimu halina lebo ya kukaguliwa.

Mwishowe nikaenda kwa daktari wa ngozi. Nilibeba mkoba wenye kila nilichowahi kupaka, nikampangia mezani kama mnada. Alivitazama, akavisogeza pembeni, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, kazini unavaa kofia gani?"

Nikamwambia helmeti.

"Ukishuka?"

Nikishuka navua. Nani anavaa kofia Mbeya? Labda ya sufu.

Akaniuliza na mengine: kama natumia vidonge vya majira, vile vya uzazi wa mpango (nilikuwa natumia, tukabadilisha njia), kama mama yangu au dada zangu wana madoa kama haya, kama napika kwa mkaa. Lakini kila mara alirudi kwenye jua. Alinieleza kwamba doa la aina yangu, ambalo wao wanaliita melazma, lina baba na mama. Homoni na kurithi vinaliandaa, jua linalizalisha kila siku upya. Ukipaka dawa bila kuzuia jua ni sawa na kudeki huku bomba linavuja.

Hapo nikamtajia baridi. Nikasema, dokta, mimi nafanya kazi kwenye barafu.

Alicheka, halafu akachora mlima kwenye karatasi ya dawa. Ukipanda kila mita 1,000, mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inaongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa sababu hewa iliyo juu yako ya kuichuja inapungua. Jiji la Mbeya liko kwenye kama mita 1,700. Kitulo ni kama mita 2,600. Na mionzi hiyo ndiyo yenye kubadilisha ngozi, wala haina joto la kukuonya. Joto unalolihisi ukiota jua ni kitu kingine. Ndiyo maana mtu wa Dar anakimbia jua saa sita mchana, linamfukuza lenyewe, wakati sisi tunalifuata. Wingu jembamba nalo linapitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, kwa hiyo hata siku zile za Tukuyu ambazo hujui kama ni asubuhi au jioni, bado unapigwa.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu yangu mwenyewe, maana ualimu wa jiografia ulinipitia mbali kidogo tu. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Maana yake jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari tuna mawingu ya masika, angalau. Oktoba ni kiangazi, anga limefunguka, vumbi, na ndio wakati niko shambani kutwa tukiandaa mbegu. Nikakumbuka picha zangu za simu. Kila Novemba Ziwa Nyasa lilikuwa limefurika.

Kuhusu weusi wenyewe nitasema kidogo, kwa sababu ulinibadilisha mawazo. Watu wote duniani, mweupe na mweusi, wana idadi inayokaribiana ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Tofauti ni kiasi na aina ya rangi, ile melanini, ambayo chembe hizo zinatoa. Zetu zinatoa nyingi, na hiyo ni kinga: ngozi nyeusi sana imekadiriwa kuwa na kinga ya kama SPF 13 (kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye losheni za jua) bila kupaka chochote. Lakini chembe zilezile ni wepesi wa kukasirika. Chunusi, mkwaruzo, kuumwa na mbu, kunyolewa vibaya, kuungua na mvuke wa sufuria, lolote likiichokoza ngozi, jibu lake ni rangi. Kwa hiyo doa jeusi mara nyingi ni kovu la hasira iliyokwisha pita. Anayeminya chunusi analima doa. Hata weusi wa kwapa na wa katikati ya mapaja mara nyingi ni msuguano na wembe na manukato makali, si uchafu, na kusugua kwa jiwe kunauongeza.

Na huku kwetu kuna mchokozi mwingine asiyetajwa: ukavu. Julai ngozi inapauka, inawasha, unakuna, unaacha alama. Mafuta ya mgando yale ya kopo, yanayopakwa mwili ukiwa bado na unyevu baada ya kuoga, yamenizuilia madoa ya miguuni kuliko krimu yoyote ya bei.

Tena kuna moto. Bibi yangu, kule Makete, miundi yake ina mchoro wa kahawia kama wavu wa kuvulia samaki. Nilidhani ni uzee. Kumbe ni jiko. Miaka sitini ya kukaa kwenye kigoda miguu imeelekezwa kwenye kuni, joto ambalo halitoshi kuunguza lakini halikomi, linachora ngozi kwa namna hiyo hiyo. Nilipomweleza asogee nyuma kidogo aliniangalia. "Mjukuu wangu, na baridi hii utaniotesha wewe?" Nilinyamaza. Ningejibu nini?

Basi nikaanza upya. Kwanza kuachana na mkorogo, taratibu kwa ratiba ya daktari, si kwa mkupuo. Wiki hizo sita sitaki kuzikumbuka. Kisha usiku krimu ya asidi ya azelaiki, ambayo inatumika hata kwa wajawazito, tofauti na tretinoini, dawa nyingine ya madoa, ambayo mwenye mimba haruhusiwi. Wengine hupewa niasinamidi au vitamini C. Zote zinakwenda mwendo wa konokono, na nilipolalamika mwezi wa pili daktari aliniambia ngozi ya juu yenyewe inachukua kama mwezi mmoja kujibadilisha, sasa mimi nataka nini? Mwezi wa nne ndipo mume wangu aliposema ziwa limepungua kina.

Losheni ya kukinga jua ilinipa tabu ya aina yake. Ya kwanza niliyonunua ilinifanya nionekane nimepakwa sembe. Nilifika Kikondo, mzee mmoja akaniuliza kama nimetoka kwenye sherehe ya kimila. Kosa halikuwa kupaka. Losheni zenye oksidi ya zinki zinaacha weupe kwenye ngozi zetu, na zaidi ya hapo, melazma ya mtu mweusi inachochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao losheni nyingi zisizo na rangi haziuzuii vizuri. Dawa yake ni ile iliyotiwa rangi ya kahawia, na rangi hiyo ni oksidi ya chuma. Hapo afisa ugani akatabasamu, maana oksidi ya chuma ndiyo inayoupa udongo mwekundu wekundu wake. Najipaka udongo kwa shilingi 35,000.

Bei inauma, ndiyo, na sitamwambia mtu anayeuza mboga barabarani kwamba hiyo ndiyo njia. SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, SPF 50 inazuia kama asilimia 98, kwa hiyo usiuze kuku kwa ajili ya tofauti hiyo. Cha maana ni kiasi: mistari miwili ya losheni, kila mmoja urefu wa kidole, kwa uso na shingo, na kurudia kila saa mbili ukiwa nje. Ukipaka kidogo kwa kuibania, umeitupa. Kofia ya pama inagharimu kidogo na haimaliziki kwa mwezi kama losheni. Kanga kichwani ikivutwa mbele kidogo, mwavuli wa mvua uliokaa bure kiangazi, kivuli cha mti kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Wakulima wangu nimewapa kipimo cha bure: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, funika uso.

Aliyenifundisha kuvaa kofia bila aibu si daktari. Ni mwenzangu wa kazi mwenye ualbino, ambaye kwa miaka yote niliyomcheka na kofia yake kubwa na mikono mirefu ya shati, yeye alikuwa anajua jua la Mbeya ni kitu gani. Kwake si suala la doa, ni saratani. Anatumia Kilisun, losheni iliyoanza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992 katika hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilipomwendea kumuuliza habari za kofia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Karibu chamani." Nilistahili.

Kuna madoa ya kutokuchezea, na haya nayasema kwa haraka kwa sababu si ya blogu, ni ya hospitali. Baka jeupe au jekundu lisilosikia ukiligusa na pamba linaweza kuwa ukoma, ambao unatibika, na dawa zake ni bure. Shingo na makwapa yaliyokuwa meusi na mazito kama mahameli wakati mwingine ni dalili kwamba mwili unasumbuka na sukari, pima. Mabaka yenye magamba kifuani na mgongoni mara nyingi ni fangasi. Na doa jeusi jipya kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, linalokua au kubadilika umbo, lipeleke mara moja. Bob Marley, aliyefariki 1981, saratani yake ilianzia kwenye kidole cha mguu, na sisi tunaovaa buti za shambani miguu hatuitazami.

Ziwa Nyasa halijakauka. Limebaki upande wa kusini, nikisimama karibu na kioo naliona, na Oktoba ikifika linajaribu kupanda. Daktari aliniambia mapema kwamba melazma inatulizwa, haing'olewi, nami nimezoea.

Jumamosi iliyopita nilipita Mwanjelwa kutafuta kofia nyingine, ile ya kwanza imechukuliwa na upepo wa Isyonje. Dada wa duka aliniona kwa mbali, akaniita, akanishika kidevu kama zamani, akanigeuza kwenye mwanga.

"Mama Lusajo! Sasa hivi unatumia nini?"

Nikamwonyesha kofia niliyoishika mkononi.

Akanisukuma bega, anacheka. "Acha uchoyo bwana. Nitajie."